Alama ya Gumba kwenye Sarafu ya Hakimu

Dada yangu hukusanya pesa zisizonunua hata kiberiti. Hivyo ndivyo ninavyomtambulisha kwa wageni, na yeye huniacha niseme, kwa kuwa anajua nikimaliza atafungua kabati, na akishafungua kabati mgeni amekwisha. Atakaa pale mpaka chai yake ipoe. Mimi hurudi zangu jikoni.

Kazi yake ni kwenye kliniki ya meno. Amesimama kushoto kwa kile kiti tangu akiwa msichana, akimpa daktari koleo, akichanganya dawa ya kuziba mashimo, akishikilia mrija wa kufyonza mate. Nusu ya mtaa amewaona wakiwa wameachama, kwa hiyo humsalimia kwa heshima na kwa midomo iliyofumbwa. Mimi nauza rangi za nyumba. Mtu akija kulalamikia ukuta wenye doa, namwambia apake rangi ya msingi kwanza, aiache ikauke, apake tena, na doa lenyewe atalisahau. Tumezaliwa tumbo moja, lakini ukituona kazini utadhani mmoja wetu aliokotwa.

Ugonjwa wa sarafu aliambukizwa na daktari wa kwanza, yule mkongwe aliyemwajiri. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, mzee alikuwa akitoa trei ya mbao kwenye droo, trei yenye vishimo vilivyotandikwa kitambaa cha kijani, akamwonyesha sarafu moja, akairudisha. Mikono ilipoanza kumtetemeka aliacha kazi, na alipofariki watoto wake waligombania nyumba na gari. Trei hakuna aliyeiulizia. Mzee alikuwa ameshamkabidhi dada yangu mapema, mbele ya mhasibu wa kliniki na mgonjwa mmoja ambaye hakuweza kusema neno kwa sababu ya ganzi.

Sarafu kuukuu ziko tele duniani, na nyingi dada hazitaki hata kwa bure. Yeye hachukui sarafu mpaka ajue imetoka mikononi mwa nani, na huyo naye aliipata wapi. Kila moja ina kadi ndogo inayosafiri nayo, na kila aliyeimiliki ameandika jina lake chini ya jina la aliyemtangulia. Ukimpa nafasi atakutajia majina hayo kama watu wanavyotaja mababu zao. Hii ilikuwa ya nahodha wa kivuko, akaipoteza kwenye karata, ikaenda kwa mpiga picha, na mjane wa mpiga picha akampa mkunga aliyemzalisha. Hii nyingine ilikaa miaka chini ya mguu wa meza ya mwalimu wa muziki ili meza isiyumbe, ndiyo maana imebonyea upande. Mimi huwaita ukoo wake wa kambo.

Mkuu wa ukoo huo ni sarafu ya Hakimu. Ni ya madini ya fedha, ina mizani upande mmoja na ndege upande wa pili. Muhuri uliokuwa ukiigonga ulipasuka mapema, kwa hiyo zilitoka chache tu, na ufa huo unaonekana kama mstari mwembamba kwenye bawa la ndege. Hakimu alikuwa akiizungusha ndani ya mkono wa joho lake anaposikiliza kesi, na watu walisema sarafu ikisimama ujue ameshaamua. Alipokufa ilinunuliwa mnadani na mama mmoja muuza vitabu, ambaye Hakimu aliwahi kumshindisha kesi isiyo yake na kumkosesha iliyo yake. Aliinunua kwa raha tu ya kuwa nayo. Kisha yeye akampa daktari mkongwe, siku alipotengenezewa meno ya bandia yaliyomkaa vizuri kuliko aliyozaliwa nayo. Baada ya daktari ni dada yangu.

Shemeji yangu alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Baridi. Lilikuwa jina la kazi, kwani mwenyewe hakuwa na baridi yoyote. Alikuwa mtu wa mikono mipana na maneno mengi. "Mimi nimeoa mwanamke mwenye waume kumi," alikuwa akiniambia, "Hakimu, nahodha, mpiga picha, na wote marehemu. Marehemu hamshindi, shemeji. Hakoromi, haachi viatu mlangoni." Dada alikuwa akimsikia kutoka chumbani na kumwambia kwamba Hakimu angalau alijua kunawa mikono.

Hilo la kunawa lilikuwa na kisa chake. Sarafu hushikwa kwa ukingo, kati ya ncha za vidole viwili, chini yake kitambaa. Hii ni sheria ya kwanza na ya mwisho katika nyumba ile. Mtoto wao wa pekee aliijua kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Fedha hupokea mafuta na jasho la mkono na kuyatunza. Mwanzoni huoni kitu. Baadaye, kidogo kidogo, mistari ya kidole huanza kupanda juu kwa rangi ya kahawia, na hapo tena hakuna kitambaa kitakachoiondoa.

Basi kuna mwaka dada alifungua trei ya juu akakuta gumba limechapwa katikati ya ndege. Gumba zima, mizunguko yote, na katikati yake kovu lililokata mshazari. Shemeji alikuwa na kovu hilohilo, alilopewa na bati la mgongo wa friji.

Nilikuwepo. Alimwita kwa sauti ya kliniki, ile ya upole inayotumika kabla ya sindano.

"Uliishika?"

"Niliitazama tu," shemeji alisema.

"Kwa kidole?"

"Labda ni kidole cha Hakimu."

"Hakimu alikuwa na kovu la bati la friji?"

Shemeji akakikagua kidole chake kama ndio kwanza anakutana nacho. "Ulikuwa umeenda kufungua mlango," alisema. "Nikaona nimsalimie mwenzangu. Haya, ndiyo nimeingia kwenye ukoo. Niandikie kwenye kadi."

"Kwenye kadi wanaandikwa wenyewe. Wewe ni mharibifu."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," shemeji alisema, akinigeukia mimi, "lakini tazama, cha kwangu kinavunja ndoa."

Nilicheka mpaka dada akanifukuza. Sarafu ya Hakimu ikahamishwa kutoka trei ya juu hadi ya chini kabisa, na ikawa silaha. Shemeji akisahau kulipia umeme, dada anasema hata sarafu ya Hakimu aliisahau mkononi. Akichelewa, anaulizwa amekwenda kumchapa nani kidole. Akiwa na homa, dada akimpa dawa anamwambia ashike kikombe kwa ukingo. Iliendelea hivyo miaka na miaka, na shemeji kila mara aliomba kuandikwa kwenye kadi, na kila mara alikataliwa. Mtoto wao alikulia humo. Mtoto hana njia ya kujua ugomvi upi wa wazazi ni wa kweli na upi ni mchezo wao. Yeye alisikia tu kwamba baba alimharibia mama kitu chake kizuri kuliko vyote, na mama hajawahi kusamehe.

Shemeji alifia kazini. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mteja, kichwa ameegemeza ukutani, na mteja alimwacha hivyo kwa muda akidhani anaisikiliza mota.

Dada hakulia. Namjua akijizuia kulia, kidevu chake huingia vishimo, na safari hii hakikuingia. Alijibu salamu zote. Alikula alichowekewa. Aliuliza kama wageni wamepata pa kulala, na akakumbuka kwamba mjomba wetu hanywi chai yenye maziwa. Watu walisema amepiga moyo konde, jamani mwanamke yule ni jasiri. Ndugu wa upande wa shemeji, kwa wema wao, walifua nyumba nzima, mashati, mito, mpaka ile ovaroli yake yenye mafuta wakaichemsha mara mbili. Dada aliwashukuru. Wageni walipoondoka alirudi kliniki, akasimama kushoto kwa kiti, akampa daktari koleo lililotakiwa.

Nilimkasirikia, nasema wazi. Mimi nilikuwa nimelia mpaka sauti ikanikauka, na yule mume hakuwa wangu. Nilikuwa nikienda kwake kila nikifunga duka, naye anakaa kwenye kiti kilekile, mikono mapajani, redio inasema yake. Ukimwambia twende tukatembee, anavaa viatu. Ukimwambia turudi, anarudi.

"Unajisikiaje?" nilimwuliza siku moja. Nilikuwa nimechoka kumzungukazunguka.

"Sijisikii."

"Hujisikii vizuri?"

"Sijisikii," alisema. "Kama shavu lililopigwa ganzi. Unaligusa, unajua ni lako, lakini ni kama unagusa shavu la mtu."

"Itatoka."

"Hutoka," alikubali. "Wagonjwa tunawaambia wasitafune kitu mpaka itoke. Mtu anaweza kujing'ata hadi damu asijue."

Alisema hivyo kwa sauti ya kutoa maelekezo, kisha akainuka kuzima jiko. Sikuona amekasirika wala kuhuzunika. Kama angenitukana ningefurahi.

Katika waliokuja kutoa pole alikuwemo mfanyabiashara wa sarafu kutoka mjini, ambaye sisi humwita Bwana Lenzi kwa sababu kioo chake cha kukuzia huning'inia shingoni hata msibani. Ni mtu mwema, lakini kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Alimpa dada mkono, akakaa kidogo, akatoka barazani alipokuwa mtoto wa dada, ambaye sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ofisi ya bima katika mji mwingine. Walizungumza kuhusu marehemu, kisha mazungumzo yakaenda yanakokwenda daima kwa Bwana Lenzi.

"Ile ya Hakimu ingekuwa katika sarafu za kutajwa," alisema. "Ina watu nyuma yake. Tatizo ni lile doa."

"Doa la baba," kijana alisema.

"Siku hizi linatoka. Kuna dawa. Mama yako hakuwahi kuniuliza, na mimi sikutaka kumtonesha."

Nilikuwa napita na sinia la vikombe, nikaona tu mzee kakosa adabu kuongea biashara siku kama ile, nikaingia ndani.

Muda ulipita. Jumapili moja mchana nilikwenda kwa dada bila kumwambia, nikamkuta mezani karibu na dirisha. Trei ya chini ilikuwa nje. Ya juu, ile ya fahari, imefungwa kabatini. Sarafu ya Hakimu ilikuwa juu ya kitambaa, naye ameinamia kioo, na mkono wa kulia ameuweka juu ya sarafu bila kuigusa, gumba lake sambamba na lile la kahawia. Hakunisikia nilipoingia.

"Unafanya nini?" nilimwuliza.

"Nyumba yote nimeitafuta," alisema, bila kuinua kichwa. "Nguo wamefua. Mto wamefua. Kikombe chake nilikiosha mwenyewe asubuhi ileile, kabla sijapigiwa simu. Picha zipo, lakini picha ni uso tu, na uso kila mtu aliuona." Akasogeza kioo upande wangu. "Hapa alibonyeza kweli. Ona alivyobonyeza, yule mtu. Hapa kwenye kovu ngozi haikugusa chini, ndiyo maana pameacha mstari mweupe."

Nilitazama. Nimetazama madoa maisha yangu yote, na lile lilikuwa doa tu. Lakini niliuona uso wa dada, na kwa mara ya kwanza tangu msiba palikuwa na mtu ndani yake.

"Nikikaa hapa," alisema, "kuna kitu kinataka kuuma. Mahali fulani mbali. Halafu nikifunga trei kinaondoka."

"Basi usifunge," nilisema.

Tangu siku hiyo niliacha kumsumbua. Nilijua kila jioni, akitoka kliniki na kunawa mikono, anakaa mezani na kidole kile. Nilisema moyoni kwamba ikiwa kuna njia ya kumrudisha dada yangu, itapitia hapo. Kwa hiyo nilimwacha na gumba lake, nikarudi kwenye makopo yangu.

Kijana alikuwa akija kumtazama mama yake mwisho wa mwezi. Alikuwa akiteseka kwa namna yake. Alimnunulia feni mpya, dada akasema ahsante. Alimletea viatu, ahsante. Alipaka dari ya choo, rangi nilimpa mimi, ahsante. Aliniambia siku moja, tukiwa wawili, "Mama mdogo, nahisi kama nazungumza na mtu aliye upande wa pili wa kioo cha benki." Nikamwambia avumilie. Ningemwambia na lile la sarafu, lakini dada alikuwa ameingia, na wala sikuona kwamba lina haraka.

Jumamosi moja nilipita pale kurudisha sufuria. Dada bado alikuwa kliniki. Kijana alikuwa mezani, ametandika kitambaa cha kijani, na katikati ya kitambaa amekifunika kitu kwa kikombe cha chai. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la baba yake kabisa.

"Njoo uone kabla hajafika," alisema, akainua kikombe.

Ndege alikuwa anang'aa. Bawa, ufa wa bawa, manyoya ya shingo, kila kitu. Pale katikati palipokuwa na kidole palikuwa peupe na safi kama sahani.

"Nani alikutuma?" Sauti yangu mwenyewe niliisikia imepanda.

"Hakuna. Nimempelekea Bwana Lenzi asubuhi. Wala haikuchukua muda, mtu anapiga mswaki muda mrefu kuliko ule." Aliigeuza kwa ncha za vidole, kwa ukingo, alivyofundishwa. "Baba alisemwa kwa ajili ya hii maisha yake yote, mama mdogo. Mpaka amekufa hakusamehewa. Nimesema basi, mimi nimfutie. Na mama apate sarafu yake."

Nilikaa. Nilitazama mikono yake. Ni mipana kama ya baba yake. Alikuwa amefanya jambo kubwa la upendo kuliko yote aliyowahi kufanya, na nilikuwa nawaza jinsi ya kumwambia, nikasikia geti.

Dada aliingia, akaweka mkoba kwenye kiti, akaenda kunawa mikono. Alirudi akijifuta na taulo dogo. Kijana alikuwa ameshakirudisha kikombe mahali pake, na alikiinua mbele yake kama wale wanaofanya kiinimacho.

Dada alivuta kiti. Akachukua kioo. Aliinama juu ya sarafu kama anavyoinama juu ya mdomo wa mgonjwa anayesema linauma lakini haonyeshi wapi. Aliielekeza dirishani. Akaielekeza upande wa pili. Akaiweka chini.

"Kimeenda wapi?"

"Nini, Mama?"

"Kidole cha baba yako."

"Kimetoka chote," kijana alisema. Tabasamu lilikuwa bado lipo, lakini halikuwa na pa kukaa. "Sasa huna tena haja ya kumlaumu."

"Nilikuwa simlaumu," dada alisema. "Nilikuwa namchokoza. Yeye alijua."

Hakupandisha sauti. Kijana alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akaitazama trei ya chini iliyoachwa wazi kwenye kabati, na kiti kilichosogezwa dirishani, na taa ya mezani iliyohamishwa kutoka chumbani. Vyote hivyo alikuwa ameviona tangu alipokuja na hakuwa ameviona.

"Ndicho ulichokuwa unakaa nacho," alisema.

"Ndiyo."

"Mama, mimi nimemfuta baba."

Dada hakumwambia hapana. Kijana aliweka uso mikononi akalia, mtu mzima wa ofisini, mabega yakiruka. Nilitaka kwenda kumshika na nilitaka kumpiga dada kofi, kwa sababu hata hapo macho yake yalikuwa makavu. Alimtazama mwanawe kwa muda kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Kijana akainua mkono ajifute.

"Usijifute," dada alisema. "Lete hapa."

Akaushika mkono ule ukiwa umelowa machozi, akatenga gumba, akalisogeza juu ya sarafu.

"Mama, hapana. Kwa ukingo. Ulinifundisha mwenyewe, kwa ukingo."

"Bonyeza."

"Itaharibika tena."

"Bonyeza, baba."

Alibonyeza. Dada alikiweka kidole chake juu ya cha mwanawe akakikandamiza, kama anavyokandamiza pamba kwenye fizi, kisha akamwachia. Hakufuta. Aliirudisha sarafu kwenye kishimo chake, safari hii kwenye trei ya juu, akachukua kadi. Pale chini, baada ya Hakimu, mama wa vitabu, daktari mkongwe na jina lake mwenyewe, aliandika jina la mumewe, na mbele yake: fundi wa friji.

"Lakini baba hakuwahi kuimiliki," kijana alisema. Sauti ilikuwa imemziba puani.

"Alitaka kuandikwa," dada alisema. "Nilimkatalia."

Kisha akasema tuna njaa, akaenda jikoni kukata mkate, na tukala sote watatu. Kijana alirudi kwake kesho yake. Dada akaenda kazini.

Fedha iliyotoka kwenye dawa hushika alama upesi kuliko iliyokomaa, hilo alinieleza mwenyewe, lakini hata upesi wa sarafu ni wa kusubiri. Kila nikienda namwuliza, alama imejitokeza? Anasema bado. Anakaa mezani kama zamani, anatazama ndege mtupu, na uso wake umerudi kuwa mtupu kama sinia lililooshwa. Nilianza kuamini kwamba ndivyo atakavyokuwa, na kwamba nitamzoea hivyo. Watu huzoea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kulia, na siku nyingine nilimaliza kutwa dukani bila kumkumbuka shemeji hata mara moja.

Mvua zilipokuwa zimekwisha na watu wameanza kununua rangi, alinipigia simu dukani. Yeye hapigi simu dukani. "Njoo," alisema tu.

Nilimkuta dirishani. Alinipisha kiti, akanipa kioo. Kwenye ndege palikuwa na gumba, la kahawia nyepesi kama chai iliyozidishwa maziwa. Mizunguko ilikuwa mipana, imepinda kuelekea kushoto, na kwa macho yangu ya dukani ilikuwa ileile ya kwanza. Nilifurahi. Nilimwambia, "Kimerudi, dada. Ona, ni chenyewe."

"Tazama katikati."

"Natazama."

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Ndiyo," alisema. "Hakuna kovu."

Kidevu chake kiliingia vishimo. Akafunika mdomo kwa mkono, halafu mkono ukashindwa. Dada yangu, ambaye alisimama kando ya maumivu ya watu kutwa nzima na hakuwahi kupandisha sauti, alilia mdomo wazi, kwa kelele, mpaka jirani akaja akabisha na mimi nikamwashiria aende. Kilio kile nilikuwa nimekisubiri tangu siku ya msiba, na kilipokuja kilinitisha. Nilimshika mabega. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

"Hatarudi," alisema. "Mdogo wangu, hatarudi."

Nikamwambia ndiyo, hatarudi.